Kiti cha Mshika Mpini

Siku aliyoondoka Ambakisye asirudi, Sekela alikuwa amelala chali chini ya helikopta ya pili katika banda la Lwangilo, akikaza nati za bawa la kushoto. Redio ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na sikio lake. Mvua ilikuwa imepumzika tangu alfajiri, na milima ya Livingstone ilionekana yote, jambo ambalo halikutokea mara nyingi miaka hiyo.

"Lwangilo, Lwangilo," redio ikasema. Ilikuwa sauti ya mumewe. "Niko Itundu. Nina wagonjwa wanne. Mmoja mjamzito, mtoto amekaa vibaya. Gwamaka amepisha."

Sekela akanyoosha mkono bila kutoka chini ya mashine. "Nimekupata. Mwambie Gwamaka asiwamalizie watu viazi vyao."

"Anasema ameshaanza."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao ya kazini, mafupi, na mzaha ule ule. Kwenye redio Ambakisye hakuwahi kumwita mkewe kwa jina. Humo yeye alikuwa Lwangilo tu, kama mtu mwingine yeyote ambaye angeshika redio.

Alikuwa amefika kwenye nati ya mwisho redio ilipokwaruza tena.

"Sekela," Ambakisye akasema. "Injini imekufa."

Nyuma ya sauti yake alisikia mapanga ya helikopta. Miaka yote aliyofanya ufundi hakuwahi kuyasikia yakilia vile yakiwa angani. Mlio ulikuwa ukirefuka, kila panga likipita kwa kuchelewa kuliko lililotangulia, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amechoka.

"Vuta mpini!" akapiga kelele. "Mwambie avute mpini!"

Maneno yalikuwa yameshatoka alipokumbuka kwamba kwenye kiti cha mshika mpini hakukuwa na mtu wa kuambiwa.

*

Kabla ya mabawa, helikopta za Lwangilo zilibeba wagonjwa watano. Zilipaa wima, zikaenda vijiji vya karibu, zikarudi. Itundu na vijiji vingine vitatu vya juu kule, kwenye uwanda wa viazi na pareto, hazikuvifikia, maana mafuta yaliishia njiani. Barabara zilikuwa zimekwishaliwa na maporomoko, na serikali ilikuwa imeacha kuzijenga upya. Watu wa juu waliambiwa wahame. Wakasema makaburi yao hayahami.

Ndipo Sekela na wenzake wakazifunga mabawa. Kwenye mwendo wa kasi, mabawa yalibeba karibu nusu ya uzito, mapanga yakapata nafuu, na mafuta yale yale yakawafikisha Itundu na kuwarudisha. Lakini helikopta inapoelea ili itue au ipae, upepo wote wa mapanga unashuka na kuyapiga yale mabawa kutoka juu, kama mtu aliyejitwisha sinia pana chini ya maporomoko ya maji. Kule juu, ambako hewa ni nyepesi, pigo hilo pamoja na uzito wa mabawa vilimla mgonjwa mmoja mzima. Wakabaki wanne. Kila mtu alikubali, kwa kuwa wanne wa Itundu walikuwa bora kuliko kutokwenda.

Kulikuwa na deni la pili, ambalo watu wachache walilielewa. Watoto wa Rungwe hutengeneza pangaboi kwa jani la mgomba na kijiti, wakakimbia nalo. Wakikimbia linazunguka, wakisimama linasimama. Helikopta ambayo injini yake imekufa huokoka kwa namna hiyo hiyo. Inaporomoka kwa mpango, upepo unatoka chini na kuyazungusha mapanga, na rubani anatua. Lakini yenye mabawa haiporomoki inavyopaswa. Mabawa yanaendelea kuibeba, upepo wa chini hauyafikii mapanga vya kutosha, nayo yanachoka. Yakishachoka kupita kiasi hayaamki tena.

Kwa hiyo Sekela aliweka vibao juu ya kila bawa. Vikiinuliwa, bawa linakufa papo hapo, uzito unarudi kwenye mapanga, nayo yanaanza kuzunguka. Mwanzoni vibao viliinuliwa na mtambo wa umeme, lakini mtambo uliganda kwa baridi ya uwandani, ukaviinua wenyewe ndani ya ukungu, na helikopta ikajigonga kwenye kilima cha chai. Baada ya hapo uliwekwa waya mnene na mpini wa chuma unaohitaji mikono miwili na mgongo. Rubani mikono yake ina kazi nyingine. Hivyo ukawekwa kiti nyuma yake, na mtu wa kukikalia. Mshika mpini.

Wagonjwa wakawa watatu.

Hapo ndipo kupisha kulipoanza. Hakuna aliyekutunga. Mshika mpini mmoja alifika Itundu, akamwona bibi kizee amebaki peke yake kwenye mawe inapotua helikopta, akaona haya. Akashuka, akampisha kama ambavyo mtu hupisha kiti kanisani, akarudi kwa miguu njia za mbuzi. Wa pili akafanya vile vile. Baada ya miezi michache, mshika mpini asiyepisha alitazamwa vibaya. Na kwa kuwa wagonjwa wenye hofu hushika chochote kilicho karibu, aliyepisha aliufunga mpini kwa mkanda kabla hajashuka.

Injini zilikuwa nzuri. Hazikuwahi kufa.

*

Gwamaka alifika msibani siku ya pili ya matanga, ametembea kutoka Itundu, suruali imechanika magotini. Wanaume walikuwa wamekaa nje. Hakuna aliyemsogezea kigoda.

"Miguu imefika salama, naona," akasema Kajange, baba mdogo wa marehemu.

Gwamaka akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba. Sekela alimwona kutokea mlangoni. Akatoka, shuka jeusi limefungwa kifuani, akachuchumaa mbele yake.

"Dada," Gwamaka akasema, "nilipisha."

"Najua. Nilikusikia."

"Yule mama alikuwa anauma kitenge chake asilie. Ningefanyaje?"

"Ungefanya ulivyofanya. Hata mwingine angefanya hivyo." Akamtazama mikono. "Mpini uliufunga?"

"Kwa mkanda. Kama siku zote."

Sekela akatikisa kichwa taratibu. Wale waliokwenda na kamba kwenye bonde ilikoanguka helikopta walikuwa wameshamwambia. Mama mjamzito alikutwa kwenye kile kiti, na mpini ulikuwa umefungwa imara kando ya magoti yake.

"Ningekuwa nimekufa saa hizi," Gwamaka akasema.

"Ama mngekuwa hai wote. Isipokuwa yule mama." Akainuka. "Naye angefia Itundu. Subiri nikuletee ugali."

Akauleta kwa mkono wake, na akasimama pale pale mpaka Gwamaka akamaliza kula mbele ya Kajange.

*

Mkuu wa kituo, Bwana Mwasongwe, alikuwa mtu mpole aliyependa mambo yaishe bila kugombana. Aliwaita wawili tu bandani, Sekela na Subilaga. Subilaga alikuwa mdogo wa kike wa Ambakisye, na sasa alikuwa rubani pekee wa helikopta pekee iliyobaki.

"Njia ni mbili," Mwasongwe akasema. "Tung'oe mabawa, turudi kubeba watano wa karibu. Au tubaki nayo. Mimi nimeelekea kung'oa. Nimezika wa kutosha."

"Na Itundu?" Subilaga akauliza.

"Itundu walishaambiwa wahame."

"Mkuu, usinichekeshe na msiba huu."

"Nani anacheka? Unadhani napenda? Wewe ndiye utakayeruka. Nimwambie nini mama yako ukifuata njia ya kaka yako?"

Wote wawili wakamgeukia Sekela. Alikuwa amekaa kwenye ile ndoo, na mapajani ameshika mpini mpya, umefungwa mpira mweusi.

"Mabawa yabaki," akasema. "Kinachong'oka ni kupisha."

"Watu watapisha tu," Subilaga akasema. "Ukifika kule, ukawaona, utapisha. Wewe hukai pale juu, wifi."

"Ndiyo maana sitawaachia waamue." Akauinua mpini. "Humu ndani kuna kijicho cha umeme kinachosoma viganja. Nimekiingizia watu wanne, mimi mmoja wao. Kisipoviona viganja vya mmoja wetu, na mapigo ya damu ndani yake, helikopta haiondoki ardhini. Washa, ikorome, haipandi."

Mwasongwe akaupokea, akaugeuzageuza kama anayekagua samaki sokoni. "Na ukiharibika mlimani?"

"Nyuma ya kiti kuna skrubu. Ukiilegeza, kijicho kinalala. Ninyi wawili na mimi tu tunaijua."

"Kwa hiyo ni watatu," Subilaga akasema. "Kila safari. Tunakwenda na mtu mzima mwenye afya, tunamrudisha mwenye afya, na kwa ajili yake tunamwacha mgonjwa."

"Ndiyo."

"Tunakwenda kuwaambia hivyo."

"Ndiyo, wifi."

Subilaga alimtazama. Alikuwa na macho ya kaka yake, na Sekela akainamisha uso.

"Siku utakayokwenda wewe," Subilaga akasema, "ndiyo nitakayokubali."

*

Akaenda. Gwamaka alijaribu kukikalia kile kiti, lakini mikono yake ilitetemeka mpaka kijicho kikamkataa, wala hakulalamika. Wale wengine wawili walikuwa bado wanajifunza. Hivyo safari ya kwanza baada ya msiba, Sekela ndiye aliyejifunga mikanda nyuma ya Subilaga.

Walipaa kwa shida, mashine ikitetema chini ya upepo wake yenyewe. Kisha wakashika kasi, na alihisi kwa makalio saa mabawa yalipoanza kubeba. Mtetemo ukafa. Mapanga yakalegea, yakaanza kuimba juu juu, na migomba ikapita chini kama nyasi. Alikuwa amelihesabu jambo hilo kwenye karatasi, lakini kulihisi ilikuwa mara yake ya kwanza. Akaelewa ni kwa nini Ambakisye alikuwa akirudi nyumbani ameridhika.

Walipovuka lile bonde hakuangalia chini.

Itundu kulikuwa na jua kali na baridi kali pamoja. Nesi Anyosisye, mwanamke mnene mwenye koti la mwanamume, alikuwa amewapanga wagonjwa kwenye machela kando ya mawe meupe. Msichana aliyeungua mafuta. Mzee ambaye tumbo lake lilikuwa limevimba na kukazana. Mama aliyejifungua jana yake na damu haikatiki. Na mwanamume mmoja, Jailo, ambaye mguu ulikuwa umepondwa na gogo na sasa unanuka.

"Karibuni," nesi akasema. "Poleni na msiba. Tuanze na mama, anaishiwa."

"Watatu," Subilaga akasema kutoka kwenye kiti chake. Hakuzima injini.

"Wanne hawa."

"Nawaona, nesi. Tunabeba watatu."

Nesi akamgeukia Sekela, ambaye alikuwa bado amekaa. Akasubiri. Sekela akaelewa kwamba anasubiri ashuke. Watu wengine waliosimama nyuma ya machela walikuwa wakisubiri jambo hilo hilo, bila hasira yoyote, kama wanaosubiri mtu amalize kufunga kamba za viatu.

"Sishuki," Sekela akasema. "Nikishuka haipai."

Alijitahidi kuwaeleza. Alisema habari za injini, vibao, na mapanga yanayochoka. Mkewe Jailo, mwanamke mwembamba aliyeitwa Tumpe, alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa kwenye kifua cha mumewe.

"Mama," akasema, "wewe una kilo ngapi?"

"Sitini na nane."

"Huyu hafiki hamsini na tano. Amekonda sana tangu aumie. Hata mguu mmoja mkitaka muuache."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akaacha. Jailo mwenyewe akatabasamu. "Huyu ananiuza kwa vipande," akasema.

"Nesi," Sekela akasema, "nani anaweza kungoja?"

"Usiniulize mimi. Ninyi mnaondoka, mimi naishi nao."

"Nakuuliza kama nesi."

Anyosisye akayapitia machela kwa macho, upepo wa mapanga ukipiga koti lake. "Mguu," akasema mwishowe. "Mguu unaweza kungoja kesho. Kama ni kesho."

"Ni kesho," Subilaga akaita.

Wakawapakia watatu. Tumpe hakupiga kelele wala hakuwazuia. Alikuwa akimtazama Sekela tu, na Sekela alilijua tazamo lile. Alikuwa ameliona kwenye kioo chake mwenyewe, lile la mtu anayepiga hesabu ambayo haitaki kutoka. Alichukua blanketi la kituo lililokuwa kwenye kiti chake, akampa. Tumpe akamfunika Jailo.

Mlango ulipofungwa, sauti ya Subilaga ikaja masikioni kupitia vipokea sauti, ndogo, ya kwao wawili tu.

"Wifi. Skrubu."

Sekela akakaza mikanda yake.

"Hewa ni safi mpaka nyumbani. Injini nimeisikiliza njia nzima, inaimba. Ilegeze, ushuke, ulale kwa nesi. Kesho nakufuata. Hakuna atakayejua."

"Ya kaka yako ilikuwa inaimba."

"Wifi, mtazame yule mwanamke."

"Namwona."

"Basi?"

Kidole gumba cha Sekela kilikuwa kimeshaifikia skrubu, nyuma ya kiti, bila yeye kukituma. Ilikuwa ya baridi. Aliikaza mwenyewe, na alijua kuizungusha mara mbili kwa ukucha kungeilegeza. Mbele yake msichana aliyeungua alikuwa akimtazama, macho makubwa juu ya bandeji. Mzee alikuwa amefumba macho. Mama alikuwa ameshikilia machela kwa mikono yote miwili. Hakuna kati yao aliyejua kwamba wanazungumziwa.

Akarudisha mikono kwenye mpini. Taa ya kijani ikawaka.

"Paa," akasema.

Njia nzima alishikilia. Walipolifikia lile bonde aliangalia chini safari hii, akaona kovu la udongo mwekundu na kipande cha bawa, bawa alilolifunga yeye, kinang'aa kati ya mianzi. Injini iliimba. Haikukohoa hata mara moja. Na kwa dakika moja, ambayo hakuja kumwambia mtu, Sekela aliomba izime, ili kuwe na sababu ya yeye kukaa pale.

Haikuzima. Walitua Lwangilo salama, wagonjwa wote watatu wakiwa hai.

*

Kesho yake kulikuwa na ukungu. Na keshokutwa. Ukungu ulikaa mlimani kama mgeni asiyeaga, na kila asubuhi Subilaga alitoka bandani, akautazama, akarudi ndani bila kumsemesha wifi yake.

Ulipoinuka wakaenda. Tumpe alikuwa amesimama peke yake mbele ya mawe meupe, na blanketi la kituo lilikuwa mikononi mwake, limefuliwa na kukunjwa vizuri. Alimpa Sekela kupitia mlangoni.

"Alisema mguu umeacha kuuma," akasema. "Alifurahi sana. Akala viazi."

Sekela alilipokea. Bado lilikuwa na harufu ya sabuni ya magadi. Akasema, "Pole, mama."

"Na wewe pole. Nasikia wako hukumpikia hata mlo wa mwisho."

Nyuma ya Tumpe, nesi na vijana wawili walikuwa wakileta machela kutoka zahanati. Sekela aliyaona yakitokeza moja moja kwenye kona ya shamba la pareto. Yalikuwa manne.

"Leo mnachukua wangapi?" Tumpe akauliza.

"Watatu."

Tumpe akaitika kwa kichwa. Akageuka, akaenda kumsaidia nesi kuwaeleza.

Helikopta ya Lwangilo hubeba wagonjwa watatu. Mshika mpini hashuki.